Kigoda Chenye Kopo la Gundi

4 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kama vumbi la msasa, ambalo unajua haliishi hata ukifagia asubuhi na jioni. Je, hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Sisi hatujambo. Mama hajambo, ila goti lake siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Baba naye hajambo, isipokuwa kwa hili ninalotaka kukuandikia.

Mwalimu wetu wa lugha husema barua nzuri ina salamu, kiini na hitimisho, na anayezunguka bila kufika kwenye kiini anamaliza wino wa watu. Basi nafika.

Mandolini anazotengeneza Baba zimeanza kurudi. Ya kwanza ilirudishwa na mama mmoja mwimbaji, ikiwa imefungwa kwenye kanga kama mtoto mgonjwa. Baada yake zikaja nyingine. Zote zina ugonjwa mmoja: uso umebonyea pale chini ya daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi. Wewe unajua kuliko mimi kwamba nyuzi zikikazwa hulikandamiza daraja, na daraja huukandamiza uso, na uso ukiwa mwembamba mno hauna pa kukimbilia. Baba anasema mbao za siku hizi hazina adabu. Amegombana na Mzee wa mbao hapo hapo mlangoni petu.

"Fundi, mti ni ule ule," Mzee wa mbao alimwambia.

"Mti ni ule ule, wewe ndiye uliyebadilika!"

Mzee wa mbao akaenda zake bila kumaliza chai, na hajarudi.

Lakini mimi nimeona jambo, Kaka. Baba alipotufundisha kubisha ubao, alisema ubao mnene husema "du," uliokwanguliwa vizuri husema "dong," na ukipita hapo husema "pa," na ukishasema "pa" hakuna gundi ya kuurudishia ulichokitoa. Wiki iliyopita nilisimama mlangoni nikamwona ameushika uso kwa vidole viwili karibu na sikio, akaubisha kwa fundo la kidole gumba. Ukasema "pa." Niliusikia wazi kama kofi. Baba akatabasamu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri, akaendelea kukwangua. Maganda yaliyoanguka yalikuwa yanapitisha mwanga kama ya kitunguu.

Nikajaribu. Nikaangusha mfuniko wa sufuria nyuma yake. Mama aliuliza kutoka jikoni, "Nini hicho kimevunjika?" Baba hakugeuka.

Nilimwuliza Mama. Akasema, "Baba yako amechoka," akaendelea kuchagua mchele. Lakini tangu siku hiyo nimegundua kwamba Mama humgusa mkono wa shati kabla ya kumsemesha. Sijui ameanza lini.

Wewe hutajwi hapa nyumbani. Baba akilazimika husema "yule." Kigoda chako kiko pale pale karibu na dirisha, ila juu yake sasa linakaa kopo la gundi. Naomba uniambie nifanye nini, na kama unaweza, uniambie kwa nini uliondoka, maana mimi nilirudi kutoka shuleni nikakuta umekwisha kwenda.

Anwani yako nimepewa na mtu aliyeniapisha nisimtaje. Shangazi anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Karani

*

21 Februari

Karani wangu,

Barua yako imefika imekunjwa vizuri kuliko mashati yangu. Mimi mzima. Kifua kinakohoa kikikumbuka. Mpe Mama pole ya goti, na Shangazi mwambie siri yake iko salama kwako kama maji kwenye chujio.

Hukuniuliza nafanya kazi gani, lakini nitakuambia. Natengeneza majeneza. Usishtuke, ni kazi safi, na ina faida moja ambayo Baba hana: wateja wangu hawarudishi kitu. Wenzangu hapa wananiita Hodi. Mazoea yalinifuata, kila ubao nikiupata naubisha, na kila jeneza likikamilika nalibisha kidogo kabla halijatoka. Siku moja msimamizi akaniuliza, "Unategemea nani aitike?" Jina likaganda hapo.

Sasa kiini chako. Siku ile niliyoondoka, Mwalimu wa muziki alikuja kuchukua mandolini yake. Nyingine ilikuwa mezani haijafungwa tumbo. Nikaubisha uso nikasema, "Baba, huu umekwisha kuwa mwembamba. Husikii?" Nilisema mbele ya mteja, ndiyo. Lakini nilisema kweli. Baba alinitazama mdomo mpaka nikamaliza. Akasema, "Kama karakana hii haisikii, nenda katafute inayosikia." Nikachukua mfuko wangu.

Hilo ningelimeza. Mzazi akikasirika husema. Ila jioni nilirudi, Karani. Hilo hukulijua. Nilirudi. Mlango wa karakana ulikuwa umerudishwa tu, na mtu aliyefukuzwa haingii hivi hivi, hubisha. Nikabisha hodi. Nikabisha tena kwa nguvu mpaka yule mama wa nyumba ya pili akachungulia. Baba nilimwona kwa dirisha, amenipa mgongo, anakwangua. Hakugeuka. Nikasimama mpaka aibu ikanitoa pale.

Usiniandikie kwamba hakusikia. Masikio ya fundi yanaweza kuchoka kutofautisha "dong" na "pa." Mlango wa mbao unaopigwa na ngumi ni jambo jingine.

Ukitaka kumsaidia, ficha kile kipande cha chuma cha kukwangulia. Halafu soma vitabu vyako. Karakana ile si mzigo wako.

Kaka yako,
Hodi

*

15 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kikohozi kikiwa kimekusahau. Sisi tupo. Mvua imeanza na dari la karakana linavuja pale pale pa siku zote, kwa hiyo ndoo imerudi kwenye nafasi yake na Baba anaikwepa kwa mazoea bila kuitazama.

Nilikificha kikwangulio ndani ya mkoba wangu wa shule. Baba alikitafuta chini ya meza, ndani ya droo, hata jikoni. Mama alinitazama na mimi nikatazama kitabu. Kisha Baba akatoka nje, akachukua kipande cha kioo cha dirisha lililovunjika, akarudi akaendelea na kazi. Kioo ni kikali kuliko chuma. Nimekirudisha kikwangulio mahali pake. Nahisi nimeharakisha ugonjwa kwa dawa.

Kaka, hakukusikia. Najua umenikataza kuandika hivyo, na mimi si mtoto wa kubishana na mkubwa, lakini mwalimu wetu anasema ukweli uandikwe hata kama mwandiko unatetemeka. Mama wa nyumba ya pili alisikia kwa sababu ana masikio. Juzi mvua ya mawe ilipiga bati mpaka mimi na Mama tukashikana, na Baba akauliza, "Mbona mmeacha kula?"

Sasa nakuambia jambo ambalo nimekaa nalo siku kadhaa. Unaukumbuka ule ubao wa darini? Ule aliouweka ulipozaliwa, ukauke polepole ukikungoja uwe fundi, utengeneze mandolini yako mwenyewe? Ameushusha. Amefuta utando wa buibui kwa mkono wa shati. Ameupasua katikati kama kitabu, akaunganisha zile nusu mbili kwa gundi, na mistari yake inatazamana kama uso wa mtu kwenye kioo. Sijawahi kuona mbao nzuri hivyo. Amesema kwa sauti kubwa, maana siku hizi husema kwa sauti kubwa, "Kama na huu utabonyea, basi kosa si la mbao. Nitafunga karakana na vifaa nitavigawa."

Ameanza kuuchonga, Kaka. Ukisema "pa" hatajua. Na ubao wa namna hiyo hakuna mwingine, wala Baba mwingine hatuna. Naomba uje. Ukishindwa kuja, niambie cha kufanya.

Mdogo wako,
Karani

*

2 Mei

Karani,

Nisamehe kimya. Sina mgonjwa wala safari. Niliiweka barua yako mfukoni nikatembea nayo kama mtu aliyebeba kaa la moto. Ubao wangu! Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikipanda ngazi kuugusa tu. Nilitaka kukuandikia umwambie aurudishe darini. Kisha nikafikiri, ukae darini ukimngoja nani? Hodi wa majeneza?

Basi sikiliza. Hapa kiwandani tuna mlinzi, mzee mmoja mkaidi, kiziwi kama gogo. Ukimsalimu anakujibu habari za jana. Lakini kila jioni humkuta na redio yake, ameng'ata penseli, na ncha ya pili ya penseli ameigandamiza kwenye ubavu wa redio. Nilidhani ni uchizi. Nikamwandikia kwenye kipande cha boksi: "Unafanya nini?" Akatoa penseli mdomoni akasema, "Nasikiliza taarifa ya habari, usinikatize." Karani, anasikia kwa meno. Sauti inapita kwenye mfupa wa taya. Nimejaribu mwenyewe, nikaziba masikio nikang'ata ubao wa jeneza mwenzangu akaubisha, nikausikia mpaka kisogoni.

Kwa hiyo Baba aung'ate ukingo wa uso wa ule ubao, halafu wewe ubishe. Kama masikio yake yamekufa kwa namna ya huyu mlinzi, atasikia.

Namna ya kumwomba fundi mkuu aume kazi yake bila kumwambia kwa nini, hiyo sijui. Mimi nilijaribu njia ya kusema wazi ukaona iliponifikisha. Wewe ndiye uliyefundishwa barua za heshima.

Fanya haraka kabla hajafika mbali upande wa nyuzi nyembamba. Huko ndiko mkono wake hukwangua zaidi.

Kaka yako

*

28 Mei

Kaka yangu mpendwa,

Salamu za upendo. Mimi mzima wa mwili. Mama mzima. Habari za Baba zinahitaji ukurasa mzima, kwa hiyo kaa chini kwanza.

Nilimwendea mwalimu wetu wa sayansi nikamwomba anipe zoezi la kuchunguza kama sauti hupita kwenye vitu vigumu. Akashangaa, akasema, "Haya, nimekupa." Nilifanya hivyo ili nisimdanganye Baba. Lilikuwa zoezi la kweli, na nimelipatia alama.

Nilianza na Mama. Nikampa ukingo wa ubao auume, nikabisha. Mama akacheka mpaka mate yakadondoka, akasema, "Shule yenu siku hizi mnafundishwa na nani, panya?" Kisha nikauma mimi. Kisha nikamgusa Baba mkono wa shati.

"Nina kazi mimi," akasema.

"Baba, bila wewe zoezi halikamiliki."

Akausoma mdomo wangu, akapumua kama anayenunua ugomvi, akauchukua ule uso wa ubao wako kutoka mezani na kuuma ukingo wake kwa meno ya pembeni, kama anavyoshika penseli. Nikabisha.

Kaka, nyusi zake zilipanda. Akabaki hivyo, ubao mdomoni. Bila kuuachia akasema, "Ena." Nilielewa ni "tena." Nikabisha tena. Nikabisha katikati, nikabisha upande wa nyuzi nene, na kila mahali akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Alikuwa anatabasamu, na Mama alikuwa bado anacheka. Kisha nikabisha upande wa nyuzi nyembamba.

Akafumbua macho. Akautoa ubao mdomoni akautazama. Akauweka karibu na sikio, akaubisha mwenyewe kwa kidole gumba, akangoja. Akautia menoni, akabisha. Akaurudisha sikioni. Menoni. Sikioni. Mama akaacha kucheka.

Baba akaenda kwenye zile zilizorudishwa, akang'oa uso mmoja uliolegea, akauma, akabisha. "Pa." Wa pili, "pa." Akaziweka chini taratibu, mtu angedhani ni mayai. Akamtazama Mama.

"Tangu lini?"

Mama akamgusa mkono wa shati ingawa alikuwa anamtazama tayari. "Tangu mvua za mwaka juzi."

"Na hukuniambia."

Mama akaanza kuokota maganda sakafuni. Baba akauliza, "Na yule alijua?" Akasema, si kwa sauti kubwa safari hii, "Upande mmoja umekwisha kuwa karatasi." Akavua aproni, akaitundika, akatoka.

Siku nyingi hakuingia karakana. Alikaa uani akiangalia mikono yake. Mimi niliendelea kufagia ili mahali pasijione pameachwa. Asubuhi moja nikakuta kopo la gundi liko dirishani. Kigoda chako kimepanguswa. Imebaki alama ya duara ya gundi ambayo haitoki, lakini kimepanguswa, Kaka, na aliyekipangusa si mimi wala Mama.

Baba hajasema chochote. Mimi nakuambia nilichokiona tu. Njoo.

Mdogo wako,
Karani

*

19 Juni

Karani wangu,

Barua yako nimeisomea juu ya jeneza, maana hapa majeneza ni mengi kuliko viti. Nilifika kwenye ile "ena" nikacheka. Nilipofika kwenye sikio-meno-sikio-meno, nikaikunja. Niliimalizia kesho yake.

Kuhusu ubao: msikate tamaa. Chongeni mbavu mbili nyembamba za mbao nyepesi, mzigandishe chini ya uso, moja kila upande wa daraja, ule ubavu wa upande dhaifu uwe mnene kidogo. Baba anajua, ila hajawahi kuhitaji. Yeye aume, wewe ubishe, mpunguze mbavu mpaka "pa" irudi karibu na "dong." Haitarudi yote. Msikaze nyuzi upesi.

Kuhusu kigoda: kigoda hakina mdomo. Aliponitoa alitumia maneno, na ya kunirudisha ayatumie. Kama hasikii, kusema anasema. Najua utanionea huruma na utanikasirikia kwa wakati mmoja. Wewe hukusimama pale nje, Karani. Mimi mpaka leo nikibisha kitu huwa nasikiliza kama kuna mtu atageuka.

Mwambie Mama kwa ajili yangu neno zuri lolote unalolijua.

Kaka yako,
Hodi

*

30 Agosti

Kaka yangu mpendwa,

Je, hali yako? Nasi huku hali ni kama hali. Mama anakushukuru kwa neno zuri. Nilimpa "nakukumbuka," natumaini hukulihitaji kwa mtu mwingine.

Tulizifanya zile mbavu. Mimi nilichonga na Baba aliuma. Nilipochonga vibaya alinipiga kidole kidogo kwa penseli, kama zamani alivyokuwa anakupiga wewe. Tulifunga tumbo, tukaweka shingo, Baba akapaka vanishi kwa kitambaa mpaka mistari ya ule ubao ikawa kama maji yaliyosimama. Mwalimu wa muziki alitupa uma wake wa chuma wa kulinganishia sauti, akasema hauna haraka. Mimi nikalinganisha nyuzi, jozi moja baada ya nyingine, polepole kama ulivyoagiza.

Baba akauma kichwa cha mandolini, pale penye funguo za nyuzi. Alama za meno zimebaki kwenye vanishi mbichi. Nikapiga. Mimi si mpigaji, nilipiga wimbo wa darasa la kwanza. Baba akatoa kichwa mdomoni akamwambia Mama, "Inasemea puani, kama yule." Akacheka. Mama akaingia jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo.

Nilitaka kukuandikia siku hiyo hiyo. Nikasema ngoja nipate hitimisho zuri kwanza. Nilikosea kungoja.

Joto lilikuja ghafla. Uzi mwembamba ukaanza kuvuma kama nzi. Nilijifanya sijausikia. Lakini Baba huhitaji macho tu kwa hilo. Aliweka rula juu ya uso, akainama, akaona mwanga ukipita chini ya rula, pale uso ulipobonyea. Akalegeza nyuzi mwenyewe, zote, mpaka daraja likaanguka mkononi mwake. Akaliweka mfukoni.

Kuna jingine, Kaka, na hili ndilo linaloniamsha. Meno nayo yameanza kunyamaza. Mwanzoni nilikuwa nabisha kwa fundo la kidole, akasikia. Kisha ikabidi nibishe kwa mpini wa patasi. Jumapili nilibisha, akaniangalia akasema, "Haya, bisha." Nilikuwa nimekwisha kubisha.

Ameanza kugawa vifaa. Randa kubwa amempa Mzee wa mbao, akampelekea mwenyewe kwa miguu, na naambiwa walikaa pamoja mpaka chai ya siku ile ikanyweka. Vibano vimekwenda kwa seremala wa viti. Patasi zako hazijaguswa. Ziko kwenye kitambaa chake juu ya kigoda.

Mimi sijui kuandika barua ya kumleta mtu. Hazifundishwi.

Mdogo wako,
Karani

*

20 Septemba

Karani,

Nimeisoma. Mimi mzima. Leo nimebisha jeneza likasema "pa," nikalirudisha mezani ingawa hakuna ambaye angejua.

Usingoje jibu refu. Sina maneno kwa sasa.

Kaka

*

11 Oktoba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu. Natumaini u mzima, na kama maneno hayajakurudia, basi soma tu ya huku.

Nimefanya jambo ambalo mtoto aliyelelewa hapaswi kulifanya. Nilifundishwa kwamba mtoto hachukui maneno ya mkubwa huyu akampelekea mkubwa yule. Nimelishika fundisho hilo tangu Februari, nikawa naziweka barua zako katikati ya atlasi yangu, kwenye kurasa za bahari ambako hakuna wa kuangalia. Nadhani fundisho hilo ni zuri katika nyumba ambayo wakubwa wanasikiana. Jumamosi nilimpa Baba barua zako zote.

Alizisoma kwenye meza ya kazi, ambayo sasa ni tupu. Alisoma kidole kikiwa chini ya kila mstari. Penye wateja wasiorudisha kitu alicheka kwa pua. Kisha akafika ulipoandika kwamba ulirudi jioni ukabisha hodi. Kidole kikasimama hapo. Nilidhani hajalielewa neno, nikasogea nimsaidie. Akaniuliza, "Hiki ni kitu alichokifanya kweli?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Akasema, "Nenda nje. Urudishe mlango. Ubishe."

Nikatoka. Nikabisha kwa mkono. Nikabisha kwa ngumi. Nikaokota nyundo ya mbao iliyokuwa nje inakauka, nikabisha nayo mpaka mama wa nyumba ya pili akachungulia, akasema, "Jamani, nyumba hii mna nini na mlango huo?" Nikaenda dirishani. Baba alikuwa amesimama amenipa mgongo, kichwa ameinamisha upande, kama anavyofanya anaposikiliza ubao. Alikuwa anangoja. Nikarudi mlangoni nikabisha tena mpaka mkono ukauma, kisha nikaingia.

Akageuka akaniona. Akasema, "Mbona hujaanza?"

Nilimwonyesha mkono wangu, ulivyokuwa mwekundu. Akaushika akautazama sana. Kisha akakaa juu ya kigoda chako, patasi zako akaziweka mapajani, akakaa.

Jioni aliniomba karatasi. Nilimwambia aseme mimi niandike, kwa kuwa mwandiko wake ni wa kuandikia mbao. Akakataa. Amesema nikuandikie mimi kwanza, halafu nimwachie nafasi chini, na nisisahihishe. Kwa hiyo hitimisho la barua hii si langu. Nakuomba uvumilie herufi. Nitaitia posta mwenyewe kesho kabla ya kengele ya shule.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Karani

Mwanangu

Ubao wako nimeuharibu. Nilikuwa nausikia unanijibu, kumbe ni mimi nilikuwa najijibu. Nimesoma kuwa ulikuja ukabisha. Mimi siku hiyo nilikuwa nakusikiliza uje. Nilisikiliza mpaka usiku.

Dada yako Karani ana sikio na mkono anao ila hana wa kumfundisha anayemsikia. Njoo. Hiyo nimeisema kwa maneno.

Na tangu lini mtoto akabisha hodi kwao? Ukifika usibishe tena, sitasikia. Mlango umerudishwa tu. Ingia, unishike bega.

Baba yako